Pini ya Mashine na Mwavuli wa Mama Mkwe

Tangu nirudi, kila anayepita karakana yangu hapa Viwanja Sitini, Ifakara, ananiuliza jambo lilelile: ni kweli nilimpeleka mama mkwe wangu Ngombo kwa boti, na ni kweli tulikuwa tunaongea kupitia kwa jogoo? Nimechoka kujibu huku nimeshika randa. Naandika mara moja tu. Someni kwa zamu, kisha mniache nimalizie vitanda vya watu.

Ilikuwa masika ile ya elinino, mnaikumbuka, bonde zima lilipogeuka bwawa. Mke wangu Bertha ni mwalimu Ngombo, ng'ambo ya mto, mbele ya Mngeta. Mimba yake ya kwanza iliharibika. Hii ya pili ilipoingia mwezi wa mwisho, alituma neno kwa mvuvi kwamba hataingia chumba cha kujifungulia bila mama yake. Bertha akisema hivyo hafanyi masihara. Barabara ilikuwa imekatika, na treni ingetuacha upande usio wetu wa mto. Habari za kuazima boti na kutafuta petroli naziruka, maana hazina utamu.

Viwanja Sitini hadi Kivukoni

Kwa wasiomjua, Mama Bertha ni mwanamke mnene, mpole wa sauti na mkali wa heshima. Kwao mkwe wa kiume hakai karibu na mama mkwe, hamtazami usoni, hali chakula mbele yake, hampi kitu mkononi wala hasemi naye moja kwa moja. Akiwa na neno anamtuma mtu. Nimekaa na binti yake miaka kadhaa, na mpaka siku ya safari nilikuwa naufahamu mgongo wa Mama vizuri kuliko uso wake.

Tulikwenda Kivukoni yeye akiwa ametangulia na baiskeli ya kukodi, mimi nyuma na mkokoteni wa mizigo. Boti ilikuwa ya mbao, nyembamba, na mashine ya kuning'iniza nyuma. Nimewahi kuendesha boti za wavuvi kabla sijashika useremala, kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nilipakia mizigo, nikasimama pembeni, nikasubiri Mama apande. Hakupanda. Alisimama ufukweni chini ya mwavuli wake mweusi, akamwita mama muuza samaki.

"Mwambie mkwe wangu," alisema, nami nilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, "tutapandaje sisi wawili peke yetu? Neno likitokea mtoni, nani atalipeleka?"

Muuza samaki alinigeukia akanirudishia maneno yote, pamoja na mkono kiunoni. Nilikuwa sijalifikiria hilo. Nilikuwa nimetafuta petroli, jaketi na turubai, nikasahau kutafuta mtu wa kutumwa. Basi tukakaa Kivukoni kumsubiri mtu yeyote anayepanda mto. Asubuhi ikaisha, na mchana ukaanza kusogea. Mimi nikala mihogo ya kukaanga nyuma ya kibanda, Mama akala ya kwake mbele ya kibanda.

Aliyetuokoa aliitwa Masanja, Msukuma mrefu mwenye koti la mvua na fimbo, anayerudi kwenye ng'ombe zake Mngeta na magunia ya chumvi. Nilipomweleza kazi yenyewe alicheka mpaka akashika goti.

"Hii naijua vizuri," alisema. "Kwetu mama mkwe hukanyagi hata kivuli chake. Shikamoo mayu!"

"Marahaba, baba," alijibu Mama, maana mayu kwa Kisukuma ni mama. "Mwambie mkwe sasa tunaweza kwenda."

Sasa sikilizeni tulivyokaa, kwa sababu matatizo yote yalianzia hapo. Mwendeshaji lazima awe nyuma kwenye mashine, hilo halina mjadala. Kwa hiyo Mama alikwenda mbele kabisa, puani, mbali nami kadiri mbao zilivyoruhusu, akanipa mgongo na kufungua mwavuli. Alizungukwa na mizigo yake: kinu cha mninga, gunia la mchele, na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu kwa ajili ya supu ya mzazi. Masanja akakaa katikati. Chumvi yake tukaiweka nyuma, miguuni pangu.

Kivukoni hadi kambi ya wavuvi

Mashine ya boti inaning'inia kwenye ubao wa nyuma. Chini pana bamba lenye matundu, na katika tundu mojawapo inapita pini ya chuma. Ukiiweka pini tundu la ndani, mguu wa mashine unakaa karibu na ubao, na msukumo wake unainua makalio ya boti na kuinamisha pua. Ukiihamishia matundu ya nje, mguu unajitenga na ubao na pua inainuka. Pua ikizama mno, boti haisikii. Unaiambia kushoto, inafikiria kwanza, kisha inakwenda kushoto kupita ulivyotaka.

Yetu ilikuwa tundu la ndani, na pua ilikuwa na Mama.

Tuliingia matete ya kulia. Tukatoka, tukaingia ya kushoto. Upepo nao ukaukamata ule mwavuli na kutuzungusha, tukajikuta tunaelekea Ifakara. Mvuvi mmoja alitusalimia mara mbili akidhani ni boti mbili tofauti. Mwingine, aliyekuwa anapiga kasia mtumbwi wake taratibu, alitupita.

"Pua yenu inakunywa maji!" alipiga kelele. "Mrudisheni nyuma huyo mama!"

Nilijifanya sikusikia. Mama pia alijifanya hakusikia. Masanja ndiye aliyenitazama.

Jamani, niambieni mngefanya nini. Mwanaume gani atamtuma mtu kwa mama mkwe wake amwambie kwamba uzito wake unazamisha boti? Hapa nyumbani hata kumpimia kiti siwezi. Kitanda chake alichoagiza mwaka juzi nilimkisia urefu kwa kumtazama akiwa kanisani. Nikaamua kupita njia ya heshima.

"Masanja, mwambie mama kwamba huko mbele jua ni kali. Pengine angependa kivuli huku nyuma."

"Mayu, mkwe anasema jua."

"Mwambie mkwe nimeshukuru. Nina mwavuli."

"Mwambie mbele maji yanaruka, atalowa."

"Mwambie mkwe maji ya mto wetu hayajawahi kuniudhi."

"Mwambie kuna viboko pale, na anayekaa mbele ndiye anayekutana nao kwanza."

Viboko walikuwepo kweli, kundi zima limetoa masikio nje ya maji, na kwa kuwa boti ilikuwa haisikii tuliwazunguka, tukawakaribia, tukawazunguka tena.

"Mwambie mkwe," alisema Mama bila kugeuka, "viboko tumeshawaona. Inatosha."

Nilizima mashine tulipofika penye maji yaliyotulia, nikaichomoa pini na kuihamisha tundu moja nje. Pua ikainuka kidogo na matete yakapungua. Nikajisifu moyoni kwamba nimelimaliza jambo hili bila kumvunjia mtu heshima.

Kambini, nilipokula ukoko

Tulifika kambi ya wavuvi tukiwa na njaa. Palikuwa na vibanda vya nyasi juu ya kichuguu kikubwa, ndiyo ardhi pekee iliyobaki kavu, na akina mama wawili walikuwa wanapika wali na samaki aina ya kitoga wa kukaushwa kwa moshi. Harufu yake hata sasa naisikia.

Wenyeji walitutazama tukishuka. Mama akamwambia Masanja amwambie mwendeshaji ashushe jogoo apate upepo. Masanja akaniambia. Nikamshusha. Mama akamuuliza Masanja kama tutalala hapa. Masanja akaniuliza, nikamjibu, akamjibu. Kwa hiyo yule mpishi mkubwa, mwanamke mwenye akili zake, alihesabu mambo akapata jawabu: Masanja ni mume wa Mama, na mimi ni kibarua wao wa boti.

Masanja akatandikiwa mkeka ndani pamoja na Mama. Kichwa cha kitoga kikawekwa mbele yake. Mimi nikapewa ukoko wa wali nje, karibu na mbwa, na maneno ya faraja: "Kula, kijana. Matajiri wako wanaonekana watu wazuri."

Ningeweza kusema. Lakini kwa kuwa sikutakiwa kula mbele ya Mama, nje ndiko nilikostahili kuwa. Nikatafuna ukoko. Ndani nikasikia mpishi anamsifu Mama kwa kupata mume mrefu, kisha sauti ya Mama, ile ya upole, ikisema jambo fupi. Masanja akatoka na sahani yake mkononi.

"Nimefukuzwa," alisema, akakaa karibu yangu na kunigawia nusu ya kichwa cha samaki.

Mzee mmoja wa kambi alikwenda kuitazama mashine yetu. Alisema pua bado iko chini, na kwamba kama mtu mzito hahami, basi hamisha pini mpaka tundu la mwisho. Nilimshukuru kwa kuwa amenipa dawa isiyohitaji maneno.

Kambini hadi Mngeta

Tundu la mwisho ni la wehu. Boti ilipochanganya mwendo, pua ilipaa juu pamoja na Mama, kisha ikaanguka pu, kisha ikapaa tena. Tukawa tunaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Kila tulipopaa niliona anga na mwavuli, na kila tulipoanguka jogoo alipiga kelele. Mwavuli ukageuka nje ndani. Nilipopunguza mwendo tulitulia, nilipoongeza tukarukaruka, na kwa mwendo wa kutulia tusingefika kabla mtoto hajaanza shule.

"Mwambie mkwe," Mama alisema tukiwa juu, akamalizia tulipotua, "kama ana kinyongo nami toka mambo ya harusi, aseme."

"Anasema una kinyongo," alisema Masanja.

"Mwambie sina!"

"Mayu, anasema anacho kidogo."

"Masanja!"

"Nimekupunguzia. Ukikataa kabisa hatakuamini."

Sitaki kuandika yote yaliyofuata. Itoshe kwamba Masanja alipokea maneno kutoka mbele na nyuma na kuyatia chumvi kama alivyokusudia kuwatilia ng'ombe wake, na tulipoziona taa za Mngeta nilikuwa nimeshaomba radhi kwa mambo matatu ambayo sikuyafanya. Tulilala kwa jamaa zake, Mama na wanawake, mimi zizini na ndama.

Asubuhi Masanja alishusha magunia yake. Mama alimmwagia baraka nyingi. Masanja akainama kwenye boti, akamnyooshea jogoo kidole.

"Nakuachia kazi," alimwambia. "Usiongeze maneno."

Mngeta hadi Ngombo

Mama alipanda. Nadhani hata yeye hakuwa na la kufanya. Watu wa Mngeta wote walikuwa mashambani wakiokoa mpunga uliokuwa unazama, na Ngombo haikuwa mbali tena. Akakaa palepale puani, mwavuli uliovunjika mbavu ukiwa wazi.

Ila chumvi ilikuwa imeondoka nyuma. Hilo nililigundua tulipofika katikati ya mto. Makalio ya boti yalikuwa mepesi kama debe tupu. Kwa pini ile ya tundu la mwisho, propela ilikaa karibu na uso wa maji, ikawa inameza hewa. Mashine ilipiga yowe na boti haikusogea. Nikazima, nikarudisha pini ndani kabisa. Pua ikazama, maji yakaingia miguuni kwa Mama. Nikaweka katikati, nikapata matatizo yote mawili kwa pamoja. Mkondo ukaanza kuturudisha tulikotoka, pamoja na magogo na majani.

Hapo ndipo tulipokutana na mtumbwi unaoshuka. Aliyekuwa ndani alinitambua.

"Wewe si mume wa mwalimu? Uchungu umemshika tangu alfajiri. Hataki kuingia ndani. Amekaa kizingitini, anamwita mama yake!"

Mtumbwi ukapita. Mimi niliogopa, jamani. Maji sikuyajali, nilimwogopea Bertha aliyekaa kizingitini, na nilikumbuka ile mara ya kwanza, tulivyorudi nyumbani mikono mitupu. Mkono wangu ulikuwa kwenye mashine na mashine ilikuwa haina msaada. Mbele yangu mgongo wa Mama ulikuwa umesimama wima, nikaona mwavuli unatetemeka.

"Jogoo," alisema Mama. "Muulize mkwe kwa nini boti haiendi."

Nilimtazama jogoo. Hakuna mwingine aliyekuwepo.

"Jogoo," nilisema, "mwambie mama kwamba pua ni nzito. Mzigo wa mbele uje nyuma."

Mama akakisukuma kinu. Nikakivuta kwa kasia mpaka miguuni pangu. Pua haikuinuka.

"Muulize mkwe kama inatosha."

"Mwambie bado."

Likaja gunia la mchele, akilisukuma kwa miguu bila kugeuka. Nikalivuta. Kikaja kikapu. Ukaja mkeka. Zikaja kandambili zake, moja baada ya nyingine, ya pili ikanipiga goti. Sasa mbele hapakuwa na kitu ila jogoo na Mama.

"Jogoo," alisema taratibu, "muulize mkwe kumebaki nini huku mbele kinacholemea boti."

Jogoo alinitazama kwa jicho moja, kama mtu anayetaka kulisikia jibu.

"Mwambie," nilisema, "mwambie mmebaki wewe na yeye. Na wewe, jogoo, si mzito."

Gogo likapita. Nilingoja anilaani, na kweli ningeipokea laana ile kama tu ingetufikisha.

Mama akaufunga mwavuli. Akajifunika khanga kichwani mpaka usoni, akainama, akashika mbao za kulia na kushoto, akaanza kuja nyuma kinyumenyume, jogoo kwapani. Kwa kila hatua niliona pua inainuka kutoka majini. Alipofika miguuni pangu akakaa juu ya gunia la mchele, mgongo wake karibu kabisa na magoti yangu, nami nikageuza uso pembeni nikatazama matete kwa heshima.

Nikaichomoa pini, nikaiweka tundu la katikati. Nikavuta kamba. Boti ikanyooka. Sina namna nyingine ya kulisema. Ilinyooka, ikasikia mkono, pua ikiwa juu kiasi tu, na maji yakagawanyika pande mbili bila ugomvi.

Tulikwenda hivyo kwa kitambo.

"Jogoo," alisema Mama. "Mkwe amelijua hili tangu lini?"

"Tangu Kivukoni."

"Na akaacha tuingie matete yote yale?"

"Mwambie nisingeweza kumwambia mama kwamba ni mzito."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, mpaka nilipomsikia.

"Mwambie mkwe," alisema akijifuta machozi ya kicheko kwa khanga, "nyumbani nina kioo."

Ngombo

Alishuka kabla sijafunga kamba, peku, akapanda kingo kwa kasi ambayo sikujua anayo. Bertha alikuwa kweli kizingitini mwa zahanati, amejishika kwenye fremu ya mlango. Alipomwona mama yake aliachia mlango, akamwegemea, wakaingia ndani pamoja.

Mimi nikabaki nje na kandambili za Mama mkononi. Nilizunguka jengo lile. Nilikagua bawaba za mlango, nikaona moja imelegea, nikawa sina bisibisi. Akina mama wa jirani wakaja wakamchukua jogoo, na nilitaka kuwaambia wamwache, amefanya kazi kubwa, lakini ningeanzia wapi kueleza? Muda si mrefu nikasikia harufu ya supu. Niliomba kwa maneno niliyoyajua na niliyoyasahau. Kisha nikasikia kilio chembamba, cha hasira. Nikakaa chini palepale kizingitini.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka Mama na kitoto ndani ya kitenge. Alisimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Nesi na wanawake walikuwa ndani na Bertha, wapishi walikuwa kwenye moto, jogoo alikuwa sufuriani. Hapakuwa na wa kutumwa.

Nikainamisha macho, nikasubiri aite mtu. Badala yake niliona miguu yake, peku bado, na tope la mto likiwa limeanza kukaukia, inakuja mpaka ikasimama mbele yangu.

"Mkwe," alisema. "Bertha ni mzima. Pokea mwanao."

Nikainua uso. Miaka yote ile sikuwa nimejua kwamba Bertha amechukua macho ya mama yake. Nilinyoosha mikono, naye akanipa mtoto wa kike, mkono kwa mkono, akiwa bado ameshikilia upande mmoja.

"Shika kichwa. Kiinue," alisema. "Kidogo tu! Usizidishe kama ile boti yako."

Nikakiinua kidogo. Akaniachia, kisha akakaa kizingitini kando yangu.